Siku Niliyoruka kwa Parachuti, Mama Akaonekana Mwongo

Mimi ndiye niliyekosea, na sitafuti mtu wa kugawana naye kosa. Jambo hili nimelala nalo miezi mitatu. Leo nalitoa, mnihukumu mnavyotaka.

Ni binti wa kwanza wa familia ya Wakongo kutoka Kivu Kusini. Tunaishi Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Chuo nimemaliza Mbarara, kazi sijapata, na kichwa changu hakipumziki. Hata kumpigia mtu simu, huwa naandika kwanza nitakayosema.

Mwaka huu wageni fulani walikuja Mbarara kuruka kwa parachuti. Walizungumza Kifaransa, nami nikawatafsiria siku chache. Walipokaribia kuondoka wakaniambia Jumatano wangenirusha na mimi, kama shukrani. Nilikubali kabla sijafikiri. Mimi, ninayefumba macho boda ikikata kona!

Jumatatu ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Familia yetu inaitwa kwa mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine. Jumatano, asubuhi, wote walioandikwa kwenye kadi ya familia wafike.

Wito huo tuliusubiri tangu nikiwa darasa la tano. Lakini nikaanza kuwaza: mara mbili walishatuita wakaahirisha, hata safari hii wataahirisha. Nikamwambia mama siku hiyohiyo nina usaili wa kazi Mbarara, siwezi kuukosa. Akanishika mikono, akaniombea nipate kazi. Aliuombea uongo wangu, jamani!

Nikaruka. Nilifungwa kifuani kwa mwalimu, mlango wa ndege ukafunguka, mashamba ya migomba yakawa madogo kama vitanda vya mchicha. Sitadanganya tena: ilikuwa tamu. Kwa mara ya kwanza kichwa changu kilinyamaza.

Nilipowasha simu, mama alikuwa amenipigia mara tisa. Mdogo wangu wa kike aliandika: "Balituludisha. Banasema weye ndiye unakosekana."

Nikakimbilia gari la Nakivale. Njia nzima niliwaza. Nikisema usaili, wataniuliza wa kazi gani, kwa nani, barua iko wapi. Kumbe nikisema niliumwa, nani atambishia mgonjwa? Na kwa kuwa walirudishwa, nikadhani mama hakuulizwa lolote. Nyumbani sikupita, niliona aibu kumtazama. Nikaenda moja kwa moja ofisi ya mahojiano.

Afisa, dada mmoja mpole, alinisikiliza hadi mwisho. Nikamwambia homa ilinilaza hospitali Mbarara tangu asubuhi. Hata nikakohoa kidogo. Akafungua faili letu, akasoma, akaniangalia.

"Mama yako alituambia umeenda kutafuta kazi. Sasa tumwamini nani?"

Nikamwona anaandika.

Anayeishi kambini anaelewa. Sisi hatuna hati za ardhi wala picha za nyumba tulizoacha. Tuna maneno yetu tu. Familia ikitofautiana kwenye jambo dogo, hata lile kubwa linatiliwa shaka.

Nilimweleza mama kila kitu, pamoja na ndege. Hakupaza sauti. Aliendelea kuchambua maharagwe, akayafikisha nusu ya ungo, ndipo akasema:

"Nilibaambia kile weye ulinifundisha. Sasa mimi ndiye mwongo?"

Afadhali angenipiga.

Wiki iliyopita wakamwita tena, peke yake. Ilibidi waanze upya: jina, kijiji, siku tuliyokimbia, namna baba alivyouawa. Mambo hayo aliyasema mara moja, miaka ile tulipofika, na tangu hapo hakuyagusa hata na sisi watoto wake. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, zaidi ya saa mbili. Dirishani nilisikia sauti yake ikikatika, kisha ikianza tena pale ilipoishia.

Alipotoka alinipa kitenge chake nimshikie, akaenda bombani kunawa uso. Kitenge kilikuwa kimelowa.

Jibu bado hatujapata. Wadogo zangu hawaniulizi kitu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Wewe unayesoma, kama umeandikwa kwenye kadi moja na watu wako, usinifuate. Kuruka si kosa, ruka ukitaka. Ila kama kuna uongo uliomwachia mama yako, rudi nyumbani leo umwambie ukweli, kabla hajaketishwa mbele ya mtu mwingine akausema kwa niaba yako.