Vibuyu vya Mama

Mjerumani alipoamuru tembe la mama libomolewe ili reli yake ipite, mama, mzee tayari, alihamia kwangu Ihumwa. Mimi na kaka tukabaki kuondoa vyombo. Kaka hakukubali kutupa kitu. Kila kibuyu kilichopasuka nilichokipeleka jaani, alikirudisha ndani.

"Kitashonwa," alisema.

"Kitashonwa na nani? Macho ya mama yamekwisha!"

Nikanyakua kimoja kikuukuu, nikatoka nacho kwa hasira. Kwenye jua nikaona mishono yake: ile midogo ya mama, na chini yake mikubwa iliyopinda, ya mkono wangu, siku aliponifundisha utotoni.

Nikarudi nacho ndani, nikamfokea kaka, "Ndivyo unavyovipanga hivyo? Si vitavunjika!"