Maneno Yaliyoambiwa Sufuria

Dorcas, mama ntilie wa soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, ana mdomo, na hajawahi kukanusha. Sato wake wa kuchemsha anasifika, lakini wapo wateja wanaofuata maneno tu. Mume wake, Yeremia, hukaa kwenye stuli pembeni akiparua magamba, mguu wa bandia ameuvua na kuuegemeza kwenye ndoo kwa sababu joto la mchana humuwasha. Wanataniana tangu asubuhi mpaka chakula kiishe. Ukiwaona utasema hawa hawajawahi kuguswa na balaa. Wameguswa.

Tuanzie kwa Shigela. Shigela alikuwa na kibanda cha vipuri vya pikipiki mkabala na jiko la Dorcas. Bidhaa zenyewe zilikuwa minyororo iliyoshika kutu na plagi zenye vumbi, na mteja akitokea, mwenye duka ndiye aliyeshtuka. Mwaloni nzima ilijua kwamba ni mtu wa usalama. Hakuna aliyetamka, maana si adabu kumvua mtu nguo hadharani, na tuseme kweli, watu waliogopa. Akikaa kwenye benchi, mazungumzo yalihamia kwenye mpira.

Sasa mtu akiwa na neno la kumfikishia, alifanyaje? Alimwambia mwenzake kwa sauti, Shigela akiwa karibu. Dorcas, ambaye hana subira ya kungoja mwenzake, aliiambia sufuria. Ndivyo walivyoripotiwa wezi wa injini za boti, wakakamatwa, na kila mmoja akabaki na heshima yake.

Wakaja vijana wawili, wapangaji wapya kule Igogo. Walinunua chakula wakaondoka nacho. Hawakubishania bei, hawakulalamikia chumvi. Siku moja wakamuuliza Dorcas boti ya kisiwa cha Nyakasuba hujaa zaidi siku gani. Akawajibu, kisha moyo ukamlipuka. Shigela alipokuja kula, Dorcas akainamia jiko lake akakoroga kwa nguvu.

"Hivi wewe sufuria, umeona wapi msafiri anauliza boti inajaa lini, nauli haulizi? Tena wako wawili, wanalala Igogo, nyuma ya mashine ya kusaga. Mimi naogopa."

Shigela akaacha kutafuna. Akalipa, akaondoka, ugali kaubakiza. Dorcas akamshukuru Mungu, akajua limefika.

Wiki iliyofuata, siku ya gulio, bomu lililipuka kwenye gati ya Nyakasuba boti ikiwa imefurika watu. Misiba ilitanda kila upande wa ziwa. Yeremia, aliyekuwa amekwenda kununua dagaa, alirudishwa hai, mguu mmoja hana.

Serikali ikaunda tume. Baada ya miezi kadhaa mwenyekiti wake, bwana mpole mwenye suti nzuri, alikuja kuwasomea wananchi matokeo kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Akasoma kwamba vyombo vya usalama havikupokea taarifa yoyote kabla ya tukio, na kwamba wananchi walioishi na wahalifu wale wawili kule Igogo walinyamaza.

Miezi yote ile Dorcas alikuwa anajiuliza kama siku ile ni sufuria peke yake iliyosikia. Labda alisema chini mno. Labda mguu wa mumewe na makaburi yale yote yalikuwa juu ya ulimi wake. Sasa wakubwa walikuwa wanamwambia ndivyo. Na watu wa Mwaloni waliomsikia kwa masikio yao waliinamisha vichwa, kwa sababu kumtetea kulitaka kumtaja Shigela, na Shigela alikuwa amekaa hapo hapo kati yao, kofia magotini.

Dorcas hakusimama. Alimgeukia mumewe, akapaza sauti.

"Baba Queen, hivi mtu akisema jambo, likasikika, aliyenyamaza ni nani?"

"Mimi nimebakiza mguu mmoja tu, Mama Queen," akasema Yeremia kwa sauti kubwa vilevile. "Muulize mwenye miwili."

Shigela akasimama taratibu.

"Mwenyekiti, huyu mama hakunyamaza. Aliniambia mimi. Mimi ni mtu wa usalama."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na askari wa kulinda mkutano akageuza uso pembeni. Shigela alitazama huku na huku, maskini ya Mungu. Kumbe miaka yote hiyo alidhani amejificha! Alisubiri wamalize.

"Nililipeleka siku ile ile. Mkubwa wangu akasema hayo ni maneno ya mama ntilie. Nami nikanyamaza. Sikurudi kwake tena, wala sikwenda kugonga mlango wa Igogo."

Hapo hakucheka mtu. Dorcas alilia bila kujifunika uso, na kilikuwa kilio kizuri, cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Mwenyekiti aliufunga mkutano harakaharaka. Yule mkubwa alihamishwa, na wanaosema alihamishiwa pazuri sitabishana nao. Aliyefukuzwa kazi ni Shigela. Inaniudhi mpaka leo, ingawa mwenyewe anasema analala usingizi. Siku hizi anauza vipuri kwelikweli. Kwa Dorcas hupewa kichwa cha sato, na watu wanaongea mbele yake mpaka wanamchosha.

Mwezi uliopita ametokea kijana, Chenge, mng'arisha viatu, ambaye raba zake ni za bei kubwa kuliko viatu vyote anavyong'arisha. Mwaloni ilishajua kabla hajafungua kiboksi chake. Juzi mchana, benchi limejaa, Dorcas alikuwa na neno. Yeremia, kwa utani wake, akamsogezea sufuria. Dorcas akaisukuma kando, akafuta mikono kwenye khanga, akaenda hadi alipokaa yule kijana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni mtu wa usalama, usinikatalie. Nina jambo la kukwambia, na hawa wote watasikia. Ukishalipeleka, urudi hapa uniambie uliyempa kasema nini."

Chenge alitazama benchi zima, na benchi zima likamtazama yeye.

"Nitarudi, mama."

"Na jina lake," Shigela akadakia kutoka kibandani. "Urudi na jina lake."