Mlango wa Malalamiko

Dada anayeshughulikia kompyuta za ushirika wetu wa maji hapa Cochabamba hupuliza vidole kabla ya kugusa vitufe, kama anayeshika chapati ya moto. Akikwama huvuta shali yake na kunong'ona, "Haya, tuone." Tovuti yetu ameifungia ndani ya kontena, yaani kisanduku cha programu ndani ya kompyuta, na asipoifungulia mlango wenye namba, hakuna anayeifikia. Jumatatu alifungua miwili, mmoja wa kulipia maji, mwingine wa malalamiko. Mwenyekiti, Don Wenceslao, akaja kofia mkononi.

"Binti, wa kulipia unatosha. Huo mwingine ufunge, la sivyo kazi huna."

"Mzee, watu wa mlimani hawajaona maji tangu Pasaka. Wapitie wapi, dirishani?"

"Nimesema funga."

Mimi, mpika uji wa ofisi, nikaacha kumimina, nikamwombea dada kimyakimya. Dada akamsogezea mzee vitufe. "Wa kwanza kupita hapo ni mama mkwe wako. Mfungie wewe."

Don Wenceslao akasoma lalamiko kwenye skrini, akavaa kofia, akatoka bila kugusa kitu.

Dada akapuliza vidole. "Mama Eulogia, niongeze uji. Nafungua wa tatu, watu waone maji yanakwenda kwa nani."