Jiko la Chuma Lililonyima Mahindi Moshi

Sogeeni karibu, na anayetafuna karanga atulie kidogo. Miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kujaa madukani Songea, jirani yangu hapa Ruhuwiko alimletea mama yake jiko la chuma la kupasha nyumba joto. Baridi ya Juni ilikuwa inamtesa bibi wa watu magoti. Akang'oa mafiga, akalisimika pale pale.

"Mama, linakula kuni, makaa ya mawe, hata magunzi! Na moshi wote unatoka nje kwa bomba."

Bibi akatazama juu, mahindi yake ya mbegu yalikoning'inia. "Unatoka nje kufanya nini? Mbegu zikiliwa na wadudu, mvua zikija nipande hilo bomba?"

"Moshi unaharibu kifua, mama."

"Na njaa inatengeneza nini?"

Mwana akamwita fundi. Bomba likapitishwa ukutani mpaka kwenye banda la uani, mahindi yakahamia huko. Yakakauka vizuri, meusi tii! Basi majirani wote tukapeleka yetu.

Oktoba jua linawaka, nikamkuta mwana kifua wazi, jasho linamtiririka, anachochea jiko. Mama yake amekaa kivulini nje.

"Chochea, baba. Mbegu za watu hizo."

Wenye maduka hawakutuambia kwamba kitu cha kisasa nacho kina ukoo.

Bibi alipofariki, binti yake alirithi vitenge, mwana akarithi jiko. Moshi tulirithi sisi majirani.