Do Iliyohama

Watu wa soko la Zhanxi, huku China, hawanibabaishi. Nanunua nguo huko za kupeleka Iringa, na laoban, mwenye duka, akinitajia bei, mimi ndiye ninayeanza kucheka. Kwa hiyo nilipoamua kumfundisha mwanangu piano mwenyewe, nyumbani, akiwa na miaka mitatu na nusu, sikumuuliza mtu. Nimepiga kinanda cha kwaya tangu niko sekondari. Nani wa kuniambia kitu?

Jirani zetu hapa Guangzhou huwapeleka watoto kwa walimu wakiwa bado hawajui kufunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa na njia yangu. Dakika tano tu kila asubuhi, kabla ya uji, maana mtoto mdogo ukimzidishia atakuchukia wewe na kinanda chako. Alikaa juu ya robota la jinzi ili mikono ifike. Nilimwambia akunje vidole kama ameshika andazi la moto asilotaka kuliminya. Halafu mimi naimba, yeye anatafuta. Hakuna nota, hakuna kitabu, ni do, re, mi, kama nilivyofundishwa kwenye kwaya.

Baada ya miezi michache nilikuwa na mtoto wa ajabu. Kifuniko cha sufuria kikidondoka anasema, "Mama, hiyo so." Nakimbilia kinanda, na kweli ni so! Nilijisifu kwenye ibada yetu ya Jumapili mpaka wenzangu wakaanza kunikwepa.

Kwenye ghorofa yetu anaishi bibi mmoja wa Kichina, mwalimu wa piano aliyestaafu. Alikuwa hachukui tena wanafunzi, lakini alimsikia mwanangu kupitia ukutani, akatuashiria siku moja tuingie kwake amsikilize. Akimpenda, atamfundisha. Nililitaka jambo hilo kuliko chochote nilichowahi kukitaka katika mji huu, ingawa nilijifanya naenda kusalimia tu. Nilimvalisha gauni la kanisani, nikampaka mafuta miguu ikang'aa.

Mwanangu alipanda kwenye kiti cha piano, akakunja vidole vizuri, akabonyeza do. Akautoa mkono kama aliyeungua. Akabonyeza tena, kisha akanigeukia.

"Mama, piano ya bibi inadanganya."

"Haidanganyi. Piga wimbo wako."

"Do siyo hii!" Akaanza kuitafuta, kibonyezo kimoja kimoja, machozi yanamlengalenga, mpaka akaipata kushoto, kwenye cheusi. "Imehamia huku, mama. Kwenye cheusi."

Bibi akamgeuza atazame ukuta, akapiga sauti moja moja. Do, mwanangu akaiita re. Re akaiita mi. Fa akaiita so. Hakusita hata mara moja. Kichina changu ni cha bei na saizi, lakini hapo hakikuhitajika. Bibi aligusa sikio la mtoto, akainua kidole gumba. Kisha akaninyooshea mimi kidole, akakunja uso kama anayeuliza.

Jibu nilikuwa nalo, na lilinichoma. Kwetu wapiga vinanda vya umeme wengi wa kwaya tunapiga nyimbo zote kwa vidole vilevile. Waimbaji wakishindwa kufika juu, hatuhamishi vidole, tunabonyeza kitufe na kinanda chenyewe kinashusha sauti. Sauti yangu ni nzito, kwa hiyo kinanda changu nilikishusha siku ileile nilipokinunua, nikasahau kabisa kwamba do yake inalia chini ya do ya piano. Sikio langu halikujali. La mtoto lilikuwa linakariri kila lilichopewa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulipofika nyumbani nilikirudisha kinanda kwenye sauti yake ya kweli, nikamwita mwanangu. Akabonyeza mara moja, akashuka kwenye robota.

"Na hiki kimeanza kudanganya."

Kesho yake hakukaa. Wiki nzima hakukaa. Nilimhonga biskuti, nikamtishia, nikapiga na kuimba peke yangu kama kichaa. Kwa mara ya kwanza katika shughuli ile niliogopa. Nilidhani nimemharibu mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi nilichuchumaa mbele yake. Nyumbani kwetu mzazi hakumwomba mtoto msamaha. Mama yangu aliwahi kunichapa kwa kosa la kaka yangu, na alipoujua ukweli alinipikia kuku, yakaisha. Mimi kuku nisingeweza kumpikia mtu aliyeacha kuniamini.

"Kinanda hakidanganyi," nikamwambia. "Piano ya bibi nayo haidanganyi. Mimi ndiye niliyekosea. Nilikufundisha do ambayo siyo. Nisamehe, mwanangu."

Akaniuliza, "Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui."

"Na aliyekufundisha wewe?"

"Naye alikuwa hajui."

Akapanda kwenye robota, akasogea pembeni, akapigapiga nafasi iliyobaki.

"Basi kaa hapa, mama. Nikufundishe."

Nikakaa. Akanishika kidole, akabonyeza nacho do ya kweli, na sote wawili tukaisikiliza.