Waliniita Treni ya Ubundu

Juzi, katika soko la mtaa wetu wa Tshopo, mwanamke mwenye mvi kama zangu alinishika bega, anacheka mpaka machozi. "Treni ya Ubundu! Kumbe ungali muzima?" Tulisoma naye darasa moja. Alidhani ananifurahisha. Nilitema mate chini, nikaenda zangu.

Bon, sikia. Nilikuwa na pumu. Wakati nchi ikiitwa Zaire, kila asubuhi shule nzima ilitoka kwenda uwanjani kwa animasyon: kucheza na kuimba sifa za Chama kilichotawala, miguu inapiga chini mpaka vumbi jekundu linapanda. Nami nilikuwa na sauti, wee! Nikiimba huku koko, bibi yangu, akiponda ndizi za lituma, majirani walinyamaza wasikilize. Kwa hiyo mwalimu aliniweka mbele niongoze.

Siku moja mukubwa wa Chama akaja kututazama. Vumbi likanikaba. Kifua kikapiga filimbi, nikachuchumaa katikati ya wimbo. Mwalimu akanivuta sikio: "We mutoto, unakataa kuchezea Chama? Unataka wanifunge?"

Nyuma yangu mwanafunzi mmoja akalia, "Tuuut! Treni ya Ubundu inafika!"

Treni hiyo tuliijua wote kwa filimbi yake; uwanja ukacheka. Mukubwa akacheka. Mwalimu, alipoona mukubwa anacheka, akacheka kuliko wote, kamasi inamtoka. Ile kamasi ninaiona mpaka leo.

Basi wakaifanya mchezo. Mgeni akija, mwalimu ananikimbiza kuzunguka uwanja hadi kifua kilie, wacheke. Nikajifunza kubana pumzi. Mtoto mzima anaona afadhali akose hewa kuliko kusikika! Siku moja nikaibana mpaka nikaanguka, midomo imebadilika rangi.

Koko alikuja mbio, lituma ingali mikononi. Akanibeba mgongoni, akamwambia mwalimu mbele ya wote: "Unachekesha wakubwa na pumzi ya mutoto? Iko uchafu!" Watu walitazama chini. Sikurudi tena shuleni.

Chama kilikwisha, uwanja ulijengwa nyumba, koko tulimzika. Watu wa rika langu wanaulilia wakati ule, eti nyimbo zilikuwa tamu. Zilikuwa tamu, sikatai. Wajukuu wangu wanaimba kanisani sasa, kanisa zima linageuka kuwatazama. Watu wanauliza sauti hiyo wameitoa kwa nani. Mama yao, binti yangu ambaye hajawahi kunisikia nikiimba, anajibu, kwa upande wa baba. Mimi ninaendelea kupepeta mchele.