Mwajabu Hakuwa Mgonjwa wa Kifua

Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi, kwa hiyo ndoto ikanijia kesho yake mchana, nimejinyoosha mkekani na kilemba changu kichwani, jua liko utosini. Watu husema ndoto ya mchana ni ya shibe. Mimi siku hiyo nilikuwa sijatia kitu mdomoni.

Aliyeninyima usingizi ni Pili, mke wa fundi baiskeli, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ana watoto wanne na ana saratani ya shingo ya kizazi, ile ile iliyonipata mimi nikapona. Mionzi hapa kwetu hakuna. Iko Dar es Salaam, na Dar ni treni, unalala njiani. Siku hiyo saa kumi jioni Pili alitakiwa kusimama mbele ya kikao cha Nauli ya Mgonjwa aombe tiketi. Na kwa sheria yetu, mwombaji husema mbele ya watu wote anaumwa nini. Kikao kikiridhika, anapata. Kisiporidhika, anarudi nyumbani kungoja kufa.

Sheria hiyo niliitunga mimi.

Nauli ya Mgonjwa pia niliianzisha mimi, na elimu yangu hii ya darasa la nne. Niliporudi kutoka Dar nimepona nilipita nyumba kwa nyumba, nikaomba kila nyumba itoe debe la mahindi baada ya mavuno, tuuze, tuwakatie wagonjwa tiketi za daraja la tatu. Watu wakatoa. Mwezi wa kwanza tu, Shabani Kilumbi akaja anachechemea, akasema mguu unataka kukatwa. Tukampa tiketi. Wiki ile ile akaonekana Morogoro kwenye harusi ya dada yake, anacheza, na mguu ule ule ndio unaotangulia. Namtaja kwa jina na ninajua atasoma. Nikapandwa na hasira, nikasema kuanzia leo kila mtu asimame aseme ugonjwa wake hadharani, anayemjua mwongo amuumbue. Mwenyekiti wetu, Mzee Lugusha, aliipenda sheria hiyo kuliko ugali. Alipenda kusikia ya watu. Naye namtaja.

Halafu mwaka jana akaugua Mwajabu. Mwajabu ni shoga yangu, tumeuza karanga pamoja stesheni tangu tukiwa wasichana. Ugonjwa wake ndio huo huo wetu, alinionyesha mwenyewe nguo yake yenye damu, chumbani, mlango umefungwa. Lakini karani wa kikao, anayeandika kwenye daftari, ni Ramadhani, mume wa binti yake. Na kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Mwajabu akimwona Ramadhani kwa mbali njiani, alipinda vichakani mpaka kijana apite. Sasa mtu kama huyo asimame, amwambie mkwewe anavuja damu wapi?

Alisimama, akajifunika kanga mpaka machoni, akasema kifua. Ramadhani akaandika kifua. Mzee Lugusha akasema kifua kinatibiwa hapa hapa wilayani, anayefuata. Mimi nilikuwa pale mezani. Nilijua, nikanyamaza. Tulimzika mahindi yakiwa bado mabichi shambani.

Basi, ndotoni nilimkuta stesheni, amekaa kwenye kigoda chake, ungo wa karanga miguuni. Hakunisalimu. Alinitazama juu mpaka chini akasema mtu aliyenenepa kama mimi kufa hakumfai. Alikuwa hivyo hivyo hata alipokuwa hai, maneno yake yalikuwa ya kuchoma. Nilicheka. Ila sauti yake ilikuwa ndogo mno, ikabidi niiname, sikio langu karibu na mdomo wake. Mdomo ulikuwa baridi kama mtungi.

Nikamuuliza anangoja nini. Akasema treni. Nikamwambia huna tiketi, Mwajabu. Akasema pale alipo hakuna mwenye nayo, ndiyo maana wamejaa hivyo stesheni. Nikageuka kutazama waliojaa. Sikuona mtu. Niliona vigoda tu, vimepangwa mpaka reli inapopotelea.

Treni haikuja, lakini tumo ndani. Behewa ni tupu na halina kelele, magurudumu yanapita kama kwenye pamba. Nje ya dirisha hakupiti pori wala milima. Zinapita nyumba za mtaa wetu, moja moja, na kila nyumba ina debe la mahindi mlangoni, na hakuna anayekuja kulichukua. Kuku wanayala. Mwajabu anayatazama. Kisha ananiuliza kukoje huko.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Huko ulikopona."

Ndipo nikakumbuka kuwa hakuwahi kufika. Nikamsimulia. Nikamwambia unalala peke yako kwenye kitanda kigumu, wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, mashine inakuzunguka ikinguruma kama jiwe la kusagia, na wala huumii. Nikamwambia wanakuchora mistari mwilini kwa wino, wanakukataza kuisugua unapooga mpaka matibabu yaishe, kwa sababu mistari ndiyo inayoiambia mashine ugonjwa uko wapi. Alisikiliza kama mtoto anayesimuliwa sikukuu.

Tumeketi sasa kwenye korido ya hospitali ile, kwenye benchi lile la chuma, na hatukuteremka popote. Mwajabu anafungua kanga. Amechorwa tayari. Mistari ni ya kalamu ya Ramadhani, ile ya buluu, imezunguka kifuani, kifua kizima kisicho na ugonjwa wowote, imenyooka vizuri kama kwenye daftari. Chini ya kitovu hakuna hata nukta. Nachukua ncha ya kanga yangu, naitia mate, nasugua. Nasugua mpaka mkono unauma. Wino hautoki. Yeye ananiacha nisugue, ananitazama utosini.

Kisha muuguzi akaita anayefuata, na sauti ilikuwa ya Mzee Lugusha, na korido ilikuwa ghala la zamani la pamba tunamofanyia vikao. Watu wote wameketi, wametugeuzia migongo. Mwajabu hasimami. Anayefuata, Mzee Lugusha anasema tena. Najua ni mimi ninayetakiwa kusema. Nafungua mdomo na mdomo umejaa mahindi makavu. Nayatema kiganjani, yanakuja mengine.

Mwajabu akanivuta, akaweka ule mdomo wake wa baridi sikioni mwangu.

"Mimi nilikuwa na mkwe pale," akasema. "Wewe ulikuwa na nani?"

 Niliogopa watu kusema nampendelea shoga yangu. Niliogopa sheria yangu kuvunjika mikononi mwangu. Hayo yote nilitaka kumwambia, na mbele ya macho yake yakawa madogo, nikaona haya hata kuyaanza.

Alijifunga kanga yake. Akainama mara ya mwisho, akasema neno moja.

"Msemee."

Anayefuata, ikasema sauti, na nikaamka. Ilikuwa sauti ya Mzee Lugusha mwenyewe, kwenye kipaza sauti, ghalani, upande wa pili wa barabara. Saa kumi ilikuwa imepita zamani.

Nilikwenda mbio, bila viatu, alama za mkeka shavuni. Nilimkuta Pili amesimama katikati, kanga mpaka machoni. Mstari wa mbele amekaa baba mkwe wake, mzee wa watu, na fimbo yake. Pili alikuwa ameshasema. Alikuwa amesema mgongo. Ramadhani ameinama anaandika. Mzee Lugusha anavuta pumzi aseme yake.

Nikasema mimi. Sikukaa chini, sikuomba nafasi. Nikasema Pili haumwi mgongo, anaumwa nilichoumwa mimi, na nikakitaja kwa jina lake, na mahali pake, na damu yake, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mitumba nje. Mwajabu alininong'oneza sikioni. Mimi nilipayuka.

 Yule mzee wa mstari wa mbele akanyanyuka, akaokota fimbo, akatoka bila kumtazama mtu. Pili akatoka kwa mlango wa nyuma. Mzee Lugusha akakohoa, akasema basi ningesema mapema, apewe tiketi. Kana kwamba ni jambo dogo. Kana kwamba hata mwaka jana lingekuwa jambo dogo.

Ramadhani ndiye aliyekuwa bado hajaweka kalamu chini. Watu walipoanza kubeba viti alinisogelea, akauliza kwa sauti ya chini.

"Na mama mkwe?"

"Huo huo," nikamwambia.

Akaketi kwenye meza. Alipoondoka sikumwona.

Tiketi ya Pili ninayo mimi. Jina lake limeandikwa vizuri, behewa, kiti, vyote. Treni ni kesho alfajiri. Tangu juzi nimekwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza watoto walisema amelala. Mara ya pili mlango haukufunguliwa, na nilimsikia ndani akikohoa ili nijue yupo. Leo asubuhi nilimkuta mumewe uani, amepindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu, anatafuta linapogusa breki. Nikamwambia nimeleta tiketi. Nikamwambia nimeagizwa na marehemu. Nikamwambia hata sheria ile tutaifuta. Akaendelea kuzungusha gurudumu, taratibu, mpaka likasimama lenyewe.

"Mke wangu anaumwa mgongo, mama," akasema. "Si ameshawaambia?"